Mama Dakika na Tiara ya Saa Sita

Ukimpelekea saa yako akakuambia "rudi baada ya dakika mbili," ulikuwa na haki ya kwenda kuoa, kuzaa na kumpeleka mtoto shule kabla hujarudi kuichukua. Ndiyo maana watu walimwita Mama Dakika. Jina lake la kuzaliwa lilikuwepo kwenye karatasi fulani, lakini siku moja alipoitwa kwa jina hilo zahanati, aligeuka nyuma kuangalia ni nani huyo anayeitwa na hataki kuitika.

Alikuwa fundi saa. Meza yake ilikaa chini ya ngazi za duka la viatu, mahali ambapo mrefu hawezi kusimama wima na mnene hawezi kugeuka. Juu ya meza palikuwa na sanduku la kioo, na ndani yake saa za mkononi zimelala chali kama wagonjwa wodini, kila moja na kikaratasi chake cha jina. Kopo lililoandikwa peremende lilikuwa na skrubu, na lile lililoandikwa skrubu lilikuwa na peremende, na wateja wawili watatu walishajifunza hilo kwa meno. Jicho lake la kulia lilikuwa limevaa kioo cha kukuzia kwa miaka mingi hata alipokivua bado alilikunja, na watu wasiomjua walidhani anawakonyeza. Wengine walirudi kesho yake wakiwa wamechana nywele.

Bisibisi yake ndogo kuliko zote ilikuwa nyembamba kama mguu wa mbu. Yeye alishikilia kuwa ni mguu wa mbu kweli, ila wale mbu wa zamani, waliokuwa wakila wakashiba. Na ukikaa pale ukisubiri alikupa ile ya mbuzi aliyemeza saa. Alimlaza mbuzi mezani, akamtegea sikio tumboni, akagundua saa inakwenda mbele kwa robo, akairekebisha kwa kumvuta mkia. Mbuzi yule, alisema Mama Dakika bila kucheka, hakuwahi tena kuchelewa malishoni.

Hayo yote mtu angeweza kuyaamini au kuyaacha. Lakini kulikuwa na moja ambalo lilikuwa kweli tupu, na lilining'inia ukutani juu ya kichwa chake kila mtu alione. Ilikuwa saa kubwa ya duara ambayo uso wake ulikuwa kichwa chini. Sita ilikuwa juu, kumi na mbili chini, tatu na tisa zimebadilishana nyumba.

Aliipindua mwenyewe alipokuwa mwanagenzi wa miaka kumi na tisa, kwa sababu alikuwa anasimulia huku anafunga skrubu, na mkono ukasikiliza hadithi badala ya kuangalia kazi. Fundi mkuu alipoiona alipandwa na mori.

"Wewe binti! Umeweka uso wa saa juu chini!"

Msichana akaitazama saa. Ilikuwa mchana, jua limesimama utosini, na mshale mfupi umeelekea juu moja kwa moja.

"Samahani fundi. Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa sita, kwani hujui?"

"Na hiyo niliyoiharibu inasema ngapi?"

Fundi mkuu akatazama. Mshale ulikuwa kwenye sita.

"Basi fundi, iliyokosea ni ipi? Hii moja, au hizo nyingine zote?"

Inasemekana fundi mkuu alikosa jibu, akajipa likizo ya siku tatu kwenda kulitafuta, na aliporudi akasema wachukue ile saa waitundike, lakini asiione mteja; msichana alipopata meza yake mwenyewe akaitundika waione wote. Maana jambo lenyewe ni la ajabu ukilitazama, ila hakuna anayelitazama. Mtu anaona mshale kwenye saba asubuhi, anasema saa moja. Anauona kwenye kumi na mbili mchana, anasema saa sita. Macho yanasoma namba moja na mdomo unatamka nyingine, maisha yote, na chai haimwagiki.

Chai ilikuja kumwagika kwa binti yake.

Binti huyo, mtoto wake wa pekee, alilelewa chini ya zile ngazi, na saa ya kwanza kuijua ilikuwa ile ya kichwa chini. Alipokuwa na miaka tisa, mwalimu alichora duara ubaoni akasema nani aje aweke namba. Mtoto wa fundi saa akanyanyua mkono kabla ya wote, akaenda akaandika sita juu, kumi na mbili chini, akarudi kukaa akiwa na kifua mbele. Darasa liliangua kicheko mpaka jirani zao wa darasa la pili wakatoka kuuliza kuna nini. Tangu siku hiyo aliapa kwamba chochote atakachofanya duniani, atakifanya kama kilivyoandikwa kitabuni. Na mama yake akitaja ile saa, anatoka chumbani.

Akakua, akaenda mbali kusoma, na badala ya kurudi karani au nesi, akarudi amevaa filimbi shingoni na kubeba furushi linalomzidi urefu.

Alilifungua furushi sebuleni. Kikatoka kitambaa chekundu chepesi, kikafunika kiti, kikafunika meza, kikafunika televisheni, kikaendelea kuelekea jikoni kama mgeni aliyesikia harufu ya chakula.

"Hii ni nguo ya nani?" Mama Dakika akauliza kutoka upande wa pili, haonekani.

"Si nguo, mama. Ni tiara."

"Tiara ya kumrusha nani, tembo?"

"Ya kumvuta mtu majini. Ndiyo kazi yangu. Nimepata kazi ya kufundisha kwenye kile chuo kipya cha ufukoni."

Mama Dakika akatokeza kichwa kwenye pindo. "Hebu nieleze polepole, mimi sikusoma."

Binti akamweleza, maana ukimuuliza habari za tiara ulikuwa umemfungulia bomba. Huu ukingo wa mbele unajazwa upepo kwa pampu kama gurudumu, ili tiara isizame ikianguka. Hizi ni kamba nne, zenye urefu wa hatua ishirini na tano. Zinakuja kwenye fimbo hii unayoishika kwa mikono miwili: vuta upande wa kulia, tiara inageuka kulia, vuta wa kushoto, inageuka kushoto. Huu ni mkanda mpana wa kiunoni, una ndoana hapa mbele, na uzito wote unabebwa na kiuno, si mikono. Miguuni unavaa ubao. Tiara inakata upepo, upepo unakunyanyua, ubao unateleza juu ya maji.

"Kwa hiyo unavutwa na upepo."

"Ndiyo, mama."

"Umekushika kiunoni."

"Ndiyo."

"Na hata barua ya posa haujaleta."

"Mama!"

"Endelea, endelea. Na ukivutwa kuliko unavyotaka?"

"Unaachia fimbo. Hilo ndilo jambo la kwanza kabisa. Ukiivuta fimbo kifuani nguvu inaongezeka, ukiiachia inakufa. Lakini mtu akiogopa anafanya kinyume, anaikumbatia."

"Kama marehemu baba yako na rimoti."

"Na ikishindikana kabisa, kuna hiki kitufe chekundu, unakisukuma unajitenga na tiara. Na hatuingii majini kama upepo unavuma kutoka nchi kavu, maana huo utakupeleka na haukurudishi. Tunataka wa ubavuni."

Mama Dakika aliguna kwa heshima. Alipenda kitu chenye sehemu nyingi, kila moja na kazi yake. "Na huko juu, mtu anajuaje aipeleke wapi?"

Binti akatazama pembeni. "Kama saa," akasema haraka. "Simama, upepo uko mgongoni, fikiria saa kubwa imesimama mbele yako. Juu ya kichwa ni saa kumi na mbili. Juu kushoto ni saa kumi. Juu kulia ni saa mbili."

Mama Dakika akakohoa.

"Usianze, mama."

"Nimekohoa tu."

"Kikohozi hicho nakijua. Ndivyo kitabu kinavyosema na ndivyo nitakavyofundisha. Niahidi hutaitaja ile saa yako kwa mtu yeyote kule kazini kwangu."

Mama Dakika akaahidi. Alikuwa mtu wa kuongeza chumvi, lakini ahadi kwa mwanawe hakuwa anaichezea. Akameza lile neno, likakaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wanafunzi watano walijiandikisha. Baada ya wiki mbili alibaki mmoja. Wa kwanza alisema mgongo, wa pili alisema mke, wa tatu na wa nne hawakusema kitu, walionekana tu wakipita njia ya mbali. Aliyebaki ni kinyozi wa mtaani, jitu la mabega mapana na mikono laini, ambaye alibaki si kwa ushujaa bali kwa sababu alishamtangazia kila aliyekaa kwenye kiti chake kwamba ataruka. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na yeye alikuwa ameyaoga, ameyasukutua na kuyanywa.

Mwenye chuo, ambaye kila mtu alimwita Meneja, alimwita binti ofisini. Alikuwa mtu wa kofia nyeupe na maneno machache.

"Mwalimu, wiki mbili na hakuna aliyesimama kwenye ubao. Jumamosi nataka kumwona mmoja. Atoke mlingoti huu wa bendera mpaka ule, ageuke, arudi, kwa miguu yake. Nampa mara tatu. Akishindwa, naleta mwalimu mwingine."

Jioni ile binti alikaa jikoni na nywele zilizojaa mchanga, akamweleza mama yake yote mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilikataa kazi mbili za ofisini kwa ajili ya hii. Mama, hii ndiyo ninayoitaka. Sina nyingine ninayoitaka."

Mama Dakika aliweka kibao mezani kwake, NIMETOKA DAKIKA MBILI, na Alhamisi asubuhi akaenda ufukoni kujionea.

Maji pale yalikuwa ya kiunoni, ya kijani, yenye vijiwimbi vifupi kama vya beseni la kufulia. Kinyozi alisimama katikati yake na kofia ngumu ya njano na jaketi la kuokolea lililokataa kufunga kifungo cha tatu. Tiara nyekundu ilitulia kwenye ukingo wa anga. Binti akapuliza filimbi.

"Saa kumi na mbili! Ipeleke saa kumi na mbili!"

Kinyozi akavuta kwa nguvu zake zote, na tiara ikashuka kama mwewe aliyeona kifaranga. Pwaa! Ikapiga maji, na kinyozi akaifuata kwa uso.

Wakainyanyua tena. "Saa kumi sasa! Kumi! Kushoto!" Kinyozi akaipeleka kulia. "Saa mbili!" Akaipeleka kushoto, akaburutwa kwa tumbo hatua thelathini, akapita kati ya ndege wawili weupe waliokuwa wakitafuta riziki yao, na hao ndege hawajaonekana tena sehemu zile.

Alipotambaa kutoka majini, alimkuta Mama Dakika amekaa mchangani.

"Shikamoo, Mama Dakika." Akatema maji.

"Marahaba, baba. Umekunywa ya kutosha?"

"Nimeyabakiza kidogo, ya kesho."

"Hebu niambie. Ukiambiwa saa kumi na mbili, kichwani kwako kunakuja nini?"

Kinyozi akafikiri. "Kufunga duka. Nafagia nywele, natazama nje, jua linazama."

"Linazama linaelekea wapi?"

"Si chini?"

"Na mkono wako?"

Kinyozi akautazama mkono wake kana kwamba ndiyo kwanza wanatambulishwa. "Unalifuata," akasema taratibu. "Lakini pale mchangani naelewa, Mama Dakika! Mwalimu akichora, kumi na mbili juu, naitikia vizuri kabisa. Ila nikishaingia majini nikaogopa, kitabu chote kinatokea puani."

Mama Dakika akainuka, akamfuata binti yake aliyekuwa akikunja kamba.

"Mwanangu..."

"Mama, uliahidi."

"Sijasema kitu."

"Uso wako umesema." Binti akaendelea kukunja, kamba inapita kwenye vidole haraka haraka. "Unajua waliniitaje, baada ya siku ile ya ubaoni? Kichwa Chini. Miaka mitatu. Mpaka walimu. Wewe ulicheka uliposikia habari ya ubaoni, ukawasimulia wateja wote, nao wakacheka. Nilikuwa nimekaa pale chini ya ngazi, mama. Nawasikia."

Mama Dakika alifungua mdomo. Habari ya ubaoni aliijua, aliisimulia mara mia, na kila mara aliongeza kidogo. Habari ya jina hakuijua. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kusikia hadithi asiwe na la kuongeza. Akamshikia binti yake ncha ya kamba mpaka ikaisha kukunjwa, akarudi mjini kwa miguu, na saa tatu zilizotengenezwa siku ile zilitengenezwa kweli, kwa dakika mbili, wenyewe wakashtuka.

Ijumaa binti alipiga kelele kutwa. Saa kumi na mbili! Kumi! Mbili! Achia! Jioni sauti ikawa mkwaruzo, na Jumamosi alipoamka ikawa haipo kabisa, inatoka hewa tu kama mpira wenye pancha. Akakaa kitandani ameshika koo, machozi yanamlenga. Filimbi anayo, lakini filimbi haijui kutaja saa.

"Nitakuwa mdomo wako," alisema Mama Dakika, akimpa maji ya moto. "Wewe ninong'oneze, mimi nipaze. Hapa mtaani nani hajui sauti yangu?"

Binti akashusha kikombe. "Neno kwa neno?" akanong'ona.

"Neno kwa neno. Kama kasuku."

"Apa."

"Naapa kwa mguu wa mbu."

Binti hakupenda kiapo hicho, lakini hakuwa na sauti ya kukikataa.

Ufukoni palijaa. Wateja wa kinyozi walikuja wote, pamoja na mmoja aliyekuwa ameachwa nusu ya kichwa siku ya Jumatano na tangu hapo anasubiri. Meneja alikaa kwenye kiti cha kukunja karibu kabisa na maji, kofia nyeupe, mikono kifuani. Mkono wa kushoto ulikuwa na alama nyeupe ya saa, ila saa yenyewe haikuwepo. Wiki ya tatu hiyo ilikuwa kwa Mama Dakika.

Kinyozi akaingia majini. Upepo ulikuwa mzuri, wa ubavuni. Binti akanong'ona.

"Saa kumi na mbili!" Mama Dakika akapaza sauti, neno kwa neno.

Pwaa.

"Moja," alisema Meneja.

Wakainyanyua tiara. Safari hii ilipanda yenyewe kwa bahati, watu wakashangilia. Binti akanong'ona, Mama Dakika akapaza: "Saa mbili! Mbili!" Kinyozi akaipeleka kushoto, ubao ukabaki na yeye akaondoka.

"Mbili," alisema Meneja, akatazama mkono wake usio na saa.

Binti hakulia. Alisimama tu, ameshika filimbi kwa mikono yote miwili, anatazama maji kama mtu anayeyaaga. Mama Dakika alimwona. Akamwona pia wa miaka tisa, amekaa chini ya ngazi, anasikia watu wakicheka. Akafikiri: ahadi nimeitunza mara mbili, na mara zote mbili imemwangusha yeye. Na ile ahadi ilisema nisiitaje saa yangu. Haikusema nisitaje ya kila mtu.

Binti akanong'ona: "Kumi na mbili. Polepole."

Mama Dakika akajaza kifua. "SAA SITA!" akapiga kelele, mpaka kofia ya Meneja ikatikisika. "Saa sita ya mchana, baba! Jua la utosini!"

Kinyozi hakufikiri. Mikono yenyewe ilifikiri. Tiara ikapanda, ikapanda, ikafika juu ya kichwa chake ikasimama pale imetulia kama taa ya dari.

Binti alimfinya mama yake mkononi kwa kucha. Mdomo wake ulisema "Mama!" bila sauti. Kisha akatazama juu. Aliitazama ile tiara, akamtazama kinyozi ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa anazama, akamtazama mama yake. Kucha zikalegea, lakini mkono haukuondoka.

"Ubao miguuni," akanong'ona. "Halafu... mbili."

"Vaa ubao! Haya, saa nane! Saa nane, umemaliza kula, unarudi kazini!"

Tiara ikakata upande wa kulia, kamba zikakaza zikalia, na lile jitu likanyanyuka kutoka majini kama mkate unaofura, magoti yamekunjwa, macho yametoka. Ubao ukashika maji. Yule wa nusu kichwa alishika ile nusu iliyobaki.

"Asiivute," akanong'ona binti. "Aachie kidogo."

"Achia fimbo! Si masikio ya mteja hayo, achia!"

Kinyozi akaachia, akatulia, akateleza. Alipita mbele ya watu wote, maji yanapasuka nyuma yake mistari miwili myeupe, na kutoka kinywani mwake kulitoka sauti ndefu ambayo baadaye alisema ni wimbo. Akafika mlingoti wa pili. Hapo ndipo wengi huvunjika: kugeuka. Mama Dakika aliinama kusikiliza.

"Saa sita," binti akanong'ona. Kisha, kwa mkwaruzo wake wote, kabla mama hajapaza: "Halafu saa nne, mama. Mwambie saa nne."

Mama Dakika alikaribia kusahau kazi yake. Akapaza, na sauti ilimpasuka katikati, akasingizia upepo. "Sita! Halafu saa nne asubuhi, baba, njoo kushoto, njoo nyumbani!"

Tiara ikapanda juu, ikainama kushoto. Kinyozi akapunguza, akayumba, akakaribia kuanguka, akakataa. Akarudi. Alirudi vizuri sana, ila somo la kusimama walikuwa hawajafika, kwa hiyo alisimamishwa na kile kilichokuwepo, nacho kilikuwa kiti cha Meneja. Walipowainua wote wawili, kofia nyeupe ilikuwa kichwani kwa kinyozi, juu ya ile ya njano, na ilimpendeza.

"Amerudi kwa miguu yake," alisema Mama Dakika.

"Amerudi kwa miguu yangu," alisema Meneja, akikung'uta mchanga. "Na hicho mlichokuwa mnapaza ni nini? Kitabu kinasema kumi na mbili juu. Kumi kushoto. Mbili kulia. Hatuwezi kufundisha kila mtu anavyojisikia."

Binti akajaribu kujibu, ikatoka hewa. Mama Dakika akaingiza mkono kifuani, akatoa kitambaa, akakifungua. Ndani yake kulikuwa na saa ya Meneja, imesafishwa, inang'aa.

"Dakika mbili zako zimeisha, baba. Samahani kwa kuharakisha."

Meneja akaipokea, akaivaa, akaitegea sikio. Hakuweza kujizuia kufurahi.

"Inakwenda?" akauliza Mama Dakika.

"Inakwenda."

"Hebu nihakikishie, macho yangu mabovu. Ni saa ngapi?"

Meneja akatazama. "Saa sita kasoro dakika mbili."

"Na mshale mfupi umeelekea wapi?"

"Si juu?" alisema Meneja, na akabaki hapo hapo, mdomo wazi, kidole kimenyooka angani.

Watu walimwangalia. Yeye aliiangalia saa. Akaigeuza mkononi, akairudisha, kana kwamba imebadilika. Inasemekana alisimama vile mpaka ilipofika saa sita kamili, ikapita, na maji yakaanza kumlowesha viatu.

"Mwalimu," alisema mwishowe bila kumtazama mtu, "Jumatatu uje mapema. Na wale wanne waliokimbia, waite warudi." Akanyoosha mkono kwa kinyozi kudai kofia yake.

Jioni binti alikuja chini ya ngazi za duka la viatu. Hakuwa amefika pale kwa miaka. Aliinama asigonge kichwa, akakaa kwenye kile kibao cha zamani, magoti karibu yafike kwenye masikio, akala skrubu moja kwa makosa.

"Mama," alisema kwa sauti iliyoanza kurudi, "naomba niazime ile saa. Nikaitundike chuoni, wanafunzi waione kabla hawajaingia majini."

Mama Dakika akapanda juu ya kiti, akaitungua, akaifuta vumbi la miaka yote kwa kanzu yake. Ukutani pakabaki duara safi. Alitaka kuomba msamaha kwa lile jina la Kichwa Chini, na alikuwa ametafuta maneno tangu Alhamisi, lakini yote aliyoyapata yalikuwa na chumvi.

"Sitaisimulia tena ile ya ubaoni," akasema.

Binti akaipokea saa, akaipakata. "Isimulie," akasema. "Ila umalizie na ya leo."

"Unaiazima kwa muda gani?"

"Dakika mbili."

Ile saa haijarudi mpaka leo. Kila Jumapili Mama Dakika hufunga meza akaenda ufukoni kuidai, amebeba furushi dogo ambalo hamwonyeshi mtu. Hurudi jioni nywele zimelowa, ndoana ya ule mkanda imemwachia alama kiunoni, na akiulizwa alikuwa wapi siku nzima husema alipita tu, hakukaa.